Majina ya Maradhi na Mashine: Historia ya Kompyuta katika Hospitali za Wanyama za Kufundishia

Hospitali ya wanyama iliyo chini ya chuo kikuu hufanya kazi tatu kwa pamoja: huponya, hufundisha, na huchunguza. Mwenye ng'ombe humleta ng'ombe wake ili apate nafuu. Mwanafunzi humtazama ng'ombe huyo huyo ili apate elimu. Na mtaalamu huandika habari zake ili miaka ishirini baadaye mwenziwe azisome na kuzilinganisha na habari nyingine. Kazi hizi tatu hukutana mahali pamoja, yaani katika karatasi ya mgonjwa. Nayo karatasi hiyo ina tabia moja inayoitenga na karatasi za hospitali za wanadamu. Mnyama hasemi. Kila neno lililoandikwa juu yake limetoka kinywani mwa mwingine: mwenye mali, mchungaji, mwanafunzi, au daktari.

Kompyuta zilipoanza kuingia katika hospitali hizi, yamkini wengi walidhani kwamba shida itakuwa ya umeme na chuma. Historia yaonyesha vingine. Mashine za kuweka na kupanga kumbukumbu zilikuwako mapema. Lililochelewa lilikuwa mapatano juu ya maneno. Ugonjwa uitweje, nani aupe jina, jina hilo lishike mambo mangapi, na nini kiachwe nje: hayo ndiyo maswali yaliyowashughulisha watengenezaji wa mifumo hiyo tangu mwaka 1964 hadi leo. Kwa sababu hiyo habari zao zawahusu wanalugha sawasawa na zinavyowahusu madaktari wa mifugo.

I. Daftari na kadi

Chuo cha kwanza cha udaktari wa mifugo katika Ulaya kilianzishwa Lyon, Ufaransa, mwaka 1761, na mwanzilishi wake alikuwa Claude Bourgelat. Chuo cha Alfort, karibu na Paris, kilifuata mwaka 1765, na London ikapata chake mwaka 1791. Kwa muda mrefu vyuo vya namna hii viliweka habari za wagonjwa katika madaftari na majalada ya karatasi. Daftari lililopangwa kwa tarehe humfaa mtu aijuaye tarehe. Lakini aliyetaka kujua ni farasi wangapi waliougua ugonjwa fulani katika miaka kumi hakuwa na njia ila kufunua kurasa zote, au kumwuliza mtumishi wa siku nyingi aliyeyashika mambo hayo kichwani. Mtumishi huyo alipostaafu, aliondoka na faharasa yake.

Chombo cha kuondoa shida hiyo kilipatikana kwanza nje ya hospitali. Katika sensa ya Marekani ya mwaka 1890 zilitumiwa mashine za Herman Hollerith, zilizohesabu watu kwa kadi zilizotobolewa matundu. Mwaka 1928 kampuni ya IBM ilitoa kadi yenye safu 80, na kadi hiyo ikawa kipimo cha kazi za hesabu kwa miaka mingi. Safu 80 ni nafasi ndogo mno. Sentensi moja ya daktari juu ya mbwa anayechechemea ingeweza kuijaza kadi nzima, na bado mashine isingeielewa, maana mashine ile ilitambua tundu na mahali lilipotobolewa tu.

Basi, hapana budi jina la ugonjwa ligeuzwe nambari. Walakini jina haliwezi kugeuzwa nambari mpaka watu wamekubaliana kwamba ni jina moja. Kama daktari mmoja ataandika jina la dalili, wa pili jina la kiungo, na wa tatu jina la mdudu, nao wote wanamsema mnyama mwenye ugonjwa mmoja, mashine itahesabu magonjwa matatu. Katika tiba ya wanadamu kazi ya mapatano hayo ilikuwa imekwisha kuanza: mwaka 1933 Wamarekani walitoa orodha ya maradhi ambayo ndani yake kila ugonjwa ulielezwa kwa sehemu mbili, yaani mahali pa mwili palipopatwa na chanzo cha madhara. Ni utaratibu mzuri, kwa kuwa humlazimisha mwandishi kujibu maswali mawili yaliyo mbalimbali. Orodha hiyo, hata hivyo, haikujua kwato, wala kiwele, wala tumbo la mnyama mwenye kucheua.

II. Mapatano ya mwaka 1964

Mwanzo wa kazi kubwa ulitoka mahali pasipotazamiwa. Mwaka 1964 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilianzisha mpango wa kukusanya kumbukumbu za wanyama waliotibiwa katika hospitali za vyuo vya udaktari wa mifugo vya Marekani na Kanada. Sababu yake si vigumu kuifahamu. Mbwa na paka hukaa nyumba moja na wanadamu, hunywa maji yale yale na kuvuta hewa ile ile. Umri wao ni mfupi, na kwa hiyo ugonjwa ambao kwa mtu huchukua miongo mingi kuonekana, kwao huonekana baada ya miaka michache. Tena mbwa havuti sigara wala haendi kiwandani. Akipatwa na saratani, sababu hizo mbili hazimpotoshi mchunguzi kama zinavyompotosha anapomchunguza mtu.

Msimamizi mashuhuri wa mpango huo alikuwa William Priester. Jambo la kwanza lililohitajiwa halikuwa mashine, bali kitabu. Ilitungwa orodha ya majina ya maradhi ya wanyama na ya matibabu wanayofanyiwa, ikifuata utaratibu ule ule wa mahali na chanzo, na kila jina likapewa nambari yake. Hospitali zilizoshiriki zilikubali kuitumia orodha hiyo moja. Mgonjwa alipoondoka hospitalini, habari zake zilifupishwa: jina la hospitali, tarehe, nambari ya mgonjwa, jamii ya mnyama, mbegu yake, jinsia yake, umri, uzito, ugonjwa uliotambuliwa, matibabu aliyofanyiwa, na hali aliyokuwa nayo alipotoka, kama yu hai au amekufa. Muhtasari huo ndio uliokwenda kwenye mashine. Karatasi zenyewe zilibaki chuoni.

Katika orodha hiyo fupi kila neno lilidai uamuzi. Jinsia peke yake yatosha kuwa mfano. Katika hospitali ya wanadamu mara nyingi nafasi mbili zilitosha. Katika hospitali ya wanyama hazitoshi, kwa sababu dume aliyehasiwa si sawa na dume mzima kwa magonjwa yampatayo, wala jike aliyeondolewa viungo vya uzazi si sawa na jike aliye navyo. Kwa hiyo ziliwekwa nafasi nne. Msomaji wa Kiswahili hatashangaa, maana wafugaji walitofautisha mambo hayo zamani: fahali si maksai, na mtamba si ng'ombe aliyekwisha kuzaa. Mashine ilipaswa kufundishwa yale ambayo lugha ya zizini ilikuwa nayo siku zote.

Umri ulikuwa na mashaka zaidi. Wanyama wengi hawana cheti cha kuzaliwa, na mwenyewe hukisia. Kwa hiyo umri uliandikwa kwa makundi badala ya miaka kamili. Mnyama mwenye miaka 4 na mwenye miaka 6 walitiwa katika kundi moja, lile la kuanzia miaka 4 hadi kabla ya kutimiza 7. Uamuzi huu ulikuwa wa uaminifu, kwa sababu haukujidai kujua kisichojulikana. Lakini ulikuwa na gharama. Hata pale ambapo mwenye mbwa aliijua siku halisi ya kuzaliwa kwake, ujuzi huo haukuingia katika hesabu. Mchunguzi aliyekuja miaka thelathini baadaye, akitaka kujua kama ugonjwa huanza katika mwaka wa tano au wa sita, hakuweza kujibiwa na muhtasari ule. Kilichoachwa mlangoni hakirudi kwa kubadili mashine.

Na mgonjwa mwenyewe ni nani? Swali hilo laonekana la mzaha, lakini ndilo lililo gumu kuliko yote kwa mtu atengenezaye mfumo wa hospitali ya namna hii. Mnyama hana jina la ukoo, na mbwa wengi huitwa jina moja. Aletaye ni mtu, alipaye ni mtu, na mtu huyo aweza kumwuza mnyama wake kesho. Kumbukumbu zikifungwa katika jina la mwenye mali, historia ya mnyama hukatika siku ya kuuzwa. Zikifungwa katika mnyama peke yake, hospitali haijui imdai nani. Tena wako wagonjwa ambao si mmoja mmoja: kuku mia tano wa banda moja, au kundi la kondoo ambamo daktari hupima watatu ili apate kuwatibu wote. Mfumo uliotungwa kwa ajili ya hospitali ya watu hauna mahali pa kuandika kwamba mgonjwa ni kundi.

III. Faida na mipaka yake

Kazi hiyo ya makarani na nambari ilizaa matunda. Mwaka 1980 Priester na mwenziwe Frank McKay walitoa kitabu juu ya uvimbe wa saratani na usio wa saratani katika wanyama wafugwao, kilichotegemea kumbukumbu za vyuo vilivyoshiriki. Mwaka 1981 Howard Hayes na wenzake walitazama saratani ya kibofu cha mkojo katika mbwa. Walilinganisha hospitali mbalimbali, wakaona kwamba mahali palipokuwa na kazi nyingi za viwandani, saratani hiyo ilichukua sehemu kubwa zaidi ya maradhi ya mbwa kuliko mahali pengine. Mbwa hao hawakuajiriwa viwandani. Walikuwa wakikaa majumbani, na jambo hilo liliwafanya wataalamu waulize kama mbwa wa nyumbani aweza kuwa mlinzi anayeonya juu ya hatari iliyomo katika mazingira ya wanadamu.

Mwaka 1994 Lawrence Glickman na wenzake walitumia hazina hiyo hiyo ya kumbukumbu kuchunguza ugonjwa wa mbwa ambao tumbo hujaa hewa na kujisokota, na aghalabu mnyama hufa kwa muda mfupi. Walikusanya habari za mbwa zaidi ya 1,900 waliopatwa na ugonjwa huo, kutoka hospitali kadhaa za vyuo, wakawalinganisha na mbwa wengine wasiopatwa. Mbwa wa mbegu kubwa wenye kifua chenye kina, na hasa Great Dane, walionekana kuwa katika hatari kupita wengine. Hakuna hospitali moja ambayo ingepata wagonjwa wa kutosha kwa uchunguzi kama huo katika muda mfupi. Waliweza kuhesabiwa pamoja kwa sababu, miaka thelathini kabla, watu walikuwa wamekubali kutumia jina moja.

Yafaa kutaja mipaka vile vile. Hospitali ya chuo hupokea wagonjwa walioshindikana kwingine, na wale ambao wenyewe wana fedha na subira ya kuwafikisha huko. Kwa hiyo hesabu zake haziwezi kusema ni mbwa wangapi katika nchi wanaougua. Zasema tu ni wangapi waliofika mlangoni. Jambo la pili ni la lugha. Hospitali mbili zaweza kutumia nambari moja bila ya kuwa na maana moja. Ikiwa katika chuo kimoja jina la ugonjwa huandikwa baada ya uchunguzi wa maabara, na katika chuo cha pili huandikwa kwa kukisia dalili, kitabu kimewapa neno moja lakini hakikuwapa ushahidi mmoja. Orodha ya majina yaweza kusawazisha tahajia. Haiwezi peke yake kusawazisha hukumu za watu.

IV. Kutoka ghalani hadi kitandani

Mpango wa mwaka 1964 ulikuwa ghala. Habari ziliingia baada ya mgonjwa kuondoka, na hazikumsaidia daktari aliyesimama mbele ya mnyama. Mabadiliko ya fikira yaliletwa na daktari wa watu, Lawrence Weed, ambaye mwaka 1968 alieleza kwamba karatasi za mgonjwa zapasa kuongoza na kufundisha. Badala ya kupanga habari kwa mahali zilipotoka, maabara upande mmoja na wauguzi upande mwingine, Weed alitaka zipangwe kwa shida za mgonjwa: kila shida iorodheshwe, ipewe nambari, na chini yake yaandikwe yaliyosemwa, yaliyoonekana, hukumu ya daktari, na anachokusudia kufanya.

Utaratibu huo ulipokelewa vema katika vyuo vya udaktari wa mifugo, na sababu yake ni ya kielimu. Mwanafunzi aandikaye kwamba ng'ombe ana homa, tezi zilizovimba, na pumzi ya shida, bila ya kukimbilia jina la ugonjwa, amesema kweli anayoijua. Akilazimishwa kuandika jina siku ya kwanza, atasema asilolijua. Shida yaweza kukaa kwenye orodha bila jina la ugonjwa mpaka ushahidi upatikane. Hivyo mfumo mzuri wa hospitali ya kufundishia una wajibu ambao duka la dawa halina: kuhifadhi hatua za fikira, pamoja na hukumu ya mwanafunzi na masahihisho ya mwalimu wake, ili kosa lisifutwe bali lisomwe.

Katika miaka ya 1966 na 1967, katika Hospitali Kuu ya Massachusetts mjini Boston, Neil Pappalardo na wenzake katika maabara ya Octo Barnett walitunga lugha ya kompyuta kwa ajili ya kumbukumbu za hospitali. Jina lake lilifupishwa kuwa MUMPS, na kwa Kiingereza neno hilo ni jina la ugonjwa wa matubwitubwi. Nguvu yake ilikuwa katika kupanga habari kama mti. Shina ni mgonjwa, matawi ni safari zake za hospitalini, na vitawi ni majibu ya vipimo. Tawi lisilohitajiwa halichukui nafasi. Kwa karatasi za wagonjwa, ambazo sehemu kubwa yake huwa tupu, mpango huu ulifaa kuliko jedwali lenye safu zisizobadilika. Kwa hospitali za wanyama faida yake yaonekana waziwazi: farasi ana maswali yake, kasuku ana yake, na haifai kila kasuku aachiwe nafasi tupu ya kuandika hali ya kwato.

Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis, ambacho skuli yake ya udaktari wa mifugo ilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1948 na hospitali yake ya kufundishia kupata jengo lake mwaka 1970, kilijitengenezea mfumo wake, ukaitwa VMACS, nao ukatumika kwa miaka mingi. Jina hilo lilichanganya tiba na uongozi wa ofisi, na mchanganyiko huo waeleza mengi. Fedha, miadi, dawa, vipimo, na ripoti za daktari vilipaswa kukaa pamoja. Mtu atengenezaye mfumo wa namna hii hujikuta akiulizwa mambo ambayo mwenziwe wa hospitali ya watu haulizwi. Dawa hii hupimwaje kwa paka wa kilo 4 na kwa farasi wa kilo 500? Kipimo hiki cha damu, ambacho kwa mbuzi ni cha kawaida, kwa mbwa si dalili ya maradhi? Ng'ombe huyu akitiwa dawa leo, maziwa yake yamwagwe kwa siku ngapi? Swali la mwisho latia afya ya watu wasiojulikana katika karatasi ya mnyama mmoja, na mfumo usiokuwa na mahali pa kuliandika una hatari.

V. Jina na kitu chenyewe

Wakati huo huo kazi ya majina iliendelea. Mwaka 1965 Chuo cha Wataalamu wa Patholojia cha Marekani kilitoa orodha iliyogawa kila habari katika sehemu nne: mahali, umbo la madhara, chanzo, na utendaji wa mwili. Katika miaka ya 1970 orodha hiyo ilipanuliwa ikawa SNOMED. Mwaka 1984 madaktari wa mifugo walipata tawi lao, SNOVET. Na mwaka 1993 matawi hayo mawili yaliunganishwa katika toleo ambalo jina lake lilitaja waziwazi tiba ya wanadamu na ya wanyama. Mwaka 2002 likafuata toleo la SNOMED CT, lililounganisha orodha ya Kimarekani na ile ya Kiingereza. Na nyongeza ya maneno ya wanyama ikatunzwa katika maabara ya istilahi iliyokuwa Virginia Tech, huko Blacksburg.

Tofauti kubwa kati ya orodha ya mwaka 1964 na ya mwaka 2002 si wingi wa maneno. Ni kwamba katika orodha mpya nambari si nambari ya neno, bali ni nambari ya kitu kinachokusudiwa. Neno la Kiingereza distemper laonyesha haja ya jambo hilo. Katika mbwa neno hilo ni ugonjwa wa virusi vilivyo ndugu wa virusi vya surua na vya sotoka. Katika farasi, watu wa mashambani Marekani waliliita kwa neno hilo hilo jipu la tezi za koo liletwalo na bakteria. Katika paka, neno hilo hutumiwa kwa ugonjwa wa virusi vya jamii nyingine kabisa. Neno ni moja, maradhi ni matatu. Mashine ikihesabu neno, itaunganisha visivyohusiana. Mashine ikihesabu nambari ya kitu, kila mtu aweza kuendelea kutumia neno lake, maadam neno hilo limefungwa kwenye nambari iliyo sahihi.

VI. Mfano wa Afrika Mashariki

Wanalugha wa Afrika Mashariki wana mifano yao, na mmoja una historia ndefu. Miaka ya 1897 na 1898 Robert Koch alipochunguza ng'ombe Dar es Salaam, aliona vijidudu vidogo sana ndani ya chembe nyekundu za damu, akadhani ni umbo la kijidudu cha ugonjwa mwingine, uliojulikana Marekani kama homa ya Texas. Mwaka 1902 ng'ombe walipokufa kwa wingi katika Rhodesia ya Kusini, ugonjwa ulidhaniwa kwanza kuwa ule ule wa Texas. Mwaka 1904 Arnold Theiler alikitenga kijidudu hicho na kukipa jina lake, na leo kinaitwa Theileria parva. Jina la kwanza lilikuwa kosa, na ng'ombe walikufa wakati watu wakilitumia.

Kwa Kiswahili ugonjwa huo huitwa ndigana kali. Lakini kuna pia ndigana baridi, ambayo huletwa na bakteria wa jamii ya Anaplasma, kiumbe wa namna nyingine kabisa. Magonjwa yote mawili huenezwa na kupe, na yamkini ujuzi huo wa malishoni umo katika kuyapa jina moja la ukoo. Karani akiandika ndigana peke yake, mashine haina njia ya kujua ni ipi. Na dawa ya moja si dawa ya nyingine. Upande wa pili wa jambo hilo huonekana kwa kuku. Kideri na mdondo ni majina mawili ya ugonjwa mmoja, ule ambao vitabu vya kigeni huuita kwa jina la mji wa Newcastle. Mashine ihesabuyo maneno itasema kuna magonjwa mawili, na mahesabu ya vifo yatagawanyika bila sababu.

Shida hii si ya nadharia. Mafunzo ya shahada ya udaktari wa mifugo katika Afrika Mashariki yalihamia Kabete, karibu na Nairobi, mwaka 1962, na Morogoro ikaanza yake mwaka 1976. Katika hospitali za vyuo hivyo mfugaji hueleza kwa Kiswahili au kwa lugha ya kwao, na karatasi huandikwa kwa Kiingereza. Tafsiri hufanyika papo hapo, kichwani mwa mwanafunzi, na haiachi alama. Mfumo wa kompyuta uliotungwa vizuri ungehifadhi yote mawili: neno alilolisema mfugaji, na nambari aliyoichagua daktari. Mwalimu angeweza kuona mahali tafsiri ilipopotoka, na mwanalugha angepata hazina ya maneno ya ufugaji ambayo kamusi hazijayafikia.

VII. Mashine isomayo

Katika miaka ya karibuni imekuja njia nyingine, ambayo kwa mtazamo wa kwanza yaonekana kuondoa haja ya mapatano. Mwaka 2018 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzao walieleza mfumo waliouita DeepTag, unaosoma maandishi ya daktari wa mifugo kama alivyoyaandika mwenyewe, kisha unayapa nambari za SNOMED. Daktari haulizwi kuchagua nambari, huandika atakavyo.

Lakini mashine hiyo haikuzaliwa na ujuzi huo. Ilifundishwa kwa maandishi 112,558 kutoka hospitali ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, ambayo watu wenye ujuzi walikuwa wamekwisha kuyapa nambari kwa mikono. Na ilipojaribiwa kwa maandishi ya zahanati ya binafsi, uwezo wake ulipungua, kwa kuwa huko watu waliandika kwa mtindo mwingine na kwa vifupisho vingine. Yaani jambo lile lile la mwaka 1964 lilirudi kwa sura nyingine. Mashine ilijifunza lahaja ya hospitali moja, na ilipofika kwenye hospitali ya lahaja nyingine ikababaika. Watengenezaji wake walitambua hivyo, wakauwekea mfumo uwezo wa kunyamaza pale usipokuwa na hakika, ili mtu aamue.

Yaliyoelezwa yatosha kuonyesha kwamba kadi yenye safu 80, mti wa MUMPS, na mashine isomayo ni vyombo vya nguvu tofauti, lakini vyote vilisimama juu ya kazi moja ya kibinadamu: kukubaliana juu ya maana na kuandika mapatano hayo mahali yanapoweza kusomwa. Kamati ya lugha iliyoanza kazi ya kusanifisha Kiswahili mwaka 1930 iliijua kazi hiyo, pamoja na lawama zake, maana kila neno lililochaguliwa liliacha mengine nje. Chuo chochote cha Afrika Mashariki kitakachotaka mfumo wa hospitali yake ya wanyama kitapata mashine ya kununua bila taabu. Orodha ya maneno ya wafugaji, ikiwa na maana zake zilizohakikiwa na daktari na mwanalugha wakiketi pamoja, hakitaipata dukani. Ni afadhali kazi hiyo ianze kabla ya mashine kufika, kwa sababu, kama ule umri ulioandikwa kwa makundi, neno la mfugaji lisiloandikwa siku mnyama alipoletwa haliwezi kupatikana baadaye.